Namna ya Kuufanya Mfumo wa Kompyuta Ususiwe Hospitalini

Ukitaka mfumo wa kompyuta ufie mikononi mwa wauguzi wako, huhitaji kukata waya wala kumwaga chai kwenye kibodi. Nunua kwanza, zindua pili, na yule atakayeutumia muulize mwisho, ama usimuulize kabisa. Haitachukua muda. Kompyuta zitafunikwa vitambaa, kipanya kitapotea, na wewe utaandika kwenye ripoti kwamba mradi umekwama kwa sababu watumishi wana mtazamo hasi kuhusu TEHAMA.

Maneno hayo, "mtazamo hasi", ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Yanasemwa vikaoni kwa wepesi mno, na yanawaonea watu. Nesi anayeambiwa anaogopa teknolojia ndiye huyohuyo anayelipa ada ya mwanawe kwa simu akiwa ndani ya daladala, anayepanga zamu na wenzake kwenye kundi la WhatsApp, anayemwelekeza mama yake kijijini namna ya kutoa pesa kwa wakala. Hakuna aliyempa semina ya hayo. Alijifunza kwa sababu simu ilimwondolea safari na foleni. Basi akikaa mbele ya kompyuta ya wodini akaikunjia uso, kabla ya kuuliza yeye ana nini, tuulize hiyo kompyuta imemletea nini.

Kejeli ya mwongozo huu inamlenga anayeleta mfumo, si anayeletewa. Kila hatua iliyomo ndani yake inafanya kazi kweli: ifuate, nawe utashindwa bila shaka yoyote.

Lete kompyuta, na vitabu vyote viache palepale

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote. Ukiishika hii peke yake unaweza kuziacha zilizobaki.

Tanzania ina MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, tangu miaka ya 1990. Kila mtumishi wa zahanati anaufahamu kwa uzito wake: vitabu vikubwa vyenye safu nyingi, kila kimoja na namba yake. Namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 ni cha wajawazito, namba 12 ni cha wodi ya wazazi. Mwisho wa mwezi vitabu hujumlishwa kwa mkono, na jumla zake huingizwa kwenye DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo lakini iliyoanzia Afrika Kusini mara baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Kisha ikaja mifumo ya kuendeshea kituo chenyewe, kama GoTHOMIS ya TAMISEMI, ambayo humfuata mgonjwa kutoka mapokezi hadi kwa daktari, maabara, dirisha la dawa na kwa mpokea fedha.

Kila kimoja kati ya hivyo kina faida yake, na sina ugomvi nacho. Sasa vikusanye vyote juu ya mtu mmoja. Ni saa nane usiku, na kituo cha afya kina mkunga mmoja wa zamu. Wanawake wawili wana uchungu. Wa tatu amejifungua jioni na anatakiwa kuangaliwa asije akavuja damu. Kwa kila mmoja kuna kadi ya kliniki, kuna faili, kuna kitabu namba 12, kuna patografu inayodai mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Halafu kuna kompyuta, ambayo iko chumba cha pili kwa sababu huko ndiko kuliko na soketi. Jina lilelile, umri uleule, kijiji kilekile, mimba ya ngapi, watoto wangapi hai: yote yaandikwe upya, kana kwamba hakuna aliyeyaandika dakika tano zilizopita.

Mkunga huyo hana budi kuchagua, na atachagua mikono yake ibaki kwa mama. Kompyuta ataijaza asubuhi kwa kukumbuka, au hataijaza kabisa. Mimi namheshimu kwa uchaguzi huo. Anayeuita ukaidi aende akakeshe naye zamu moja.

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Fred Davis, alichapisha makala ambayo hadi leo ni msingi wa tafiti nyingi kuhusu watu kukubali au kukataa kompyuta kazini. Kwa ufupi alisema mtu hujiuliza maswali mawili: chombo hiki kitanisaidia kazi yangu? Na je, kukitumia ni rahisi? Mkunga wetu wa saa nane usiku amekwisha kuyajibu yote mawili kabla hata ya kuwasha mashine. Alichokifanya ni kupiga hesabu, na hesabu yake imetoka sawa.

Naelewa kwamba karatasi haiwezi kutupwa siku ya kwanza. Mfumo mpya una makosa yake, na kumbukumbu za wagonjwa hazichezewi. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtumishi "andika kote kuwili mpaka mwezi wa sita, tukihakikisha namba zinalingana tunaondoa kitabu" na kumwambia "andika kote kuwili". Ukitaka kushindwa, mwambie hilo la pili, na tarehe usiitaje kamwe.

Amini kwamba watu wetu hawajawa tayari

Husemwa kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri na kwamba watumishi wa kwetu hawajafika huko. Ushike usemi huo na usiulize kilichotokea Mosoriot.

Mosoriot ni kituo cha afya cha kijijini karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka 2001 kiliwekewa mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Ulikuwa miongoni mwa mifumo ya mwanzo kabisa ya aina hiyo kusini mwa Sahara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: mgonjwa alimaliza shughuli zake kituoni kwa muda uliopungua kwa asilimia 22. Wahudumu waliofanya hayo walikuwa wafanyakazi wa kawaida wa kituo cha kawaida. Na katika kazi iliyoendelea hukohuko Eldoret ndimo wazo la OpenMRS lilimozaliwa mwaka 2004, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika sasa katika nchi nyingi duniani. Chombo cha dunia nzima kimetokana na shida za zahanati za Bonde la Ufa.

Taarifa ileile ya Mosoriot ina namba nyingine ambazo nadhani kila mkuu wa kituo angezitafakari. Muda ambao mgonjwa alikaa na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58. Watumishi wakazungumza wao kwa wao kwa theluthi moja tu ya muda wa zamani, na wakapata muda zaidi wa mambo yao binafsi. Msimamizi mwenye haraka atasoma hapo uvivu. Mimi nasoma kwanza kwamba makaratasi yalikuwa yakila muda wa watu kupita kiasi. Pili, nasoma swali ambalo namba peke yake haitoi jibu lake: katika ile asilimia 58 iliyokatwa, ni dakika ngapi zilikuwa za kuandika, na ngapi zilikuwa za kumsikiliza mgonjwa? Za kwanza zikienda, shangwe. Za pili zikienda, tumempunja mtu aliyetembea saa mbili kuja kutuona. Kulijua hilo kunataka mtu aketi ndani ya chumba cha daktari na kutazama, na hiyo ni kazi ambayo wanunuzi wa mifumo hawaipendi.

Washa kila kitu kwa mkupuo, na usimuulize yeyote kazi huendaje

Hapa mfano wangu unatoka mbali, na si wa kuchekesha.

Oktoba 2002 hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, iliwasha mfumo ambao madaktari wangeandikia maagizo ya dawa na vipimo kwenye kompyuta. Hospitali nzima ilihamia huko ndani ya siku sita. Kabla ya hapo, taarifa ilipofika kwamba mtoto mahututi yuko njiani kutoka hospitali nyingine, dawa ziliagizwa na kuandaliwa kabla hajafika. Mfumo mpya haukukubali hilo: mtoto asingeweza kuagiziwa chochote mpaka afike na kuandikishwa. Dawa zilizokuwa zikikaa karibu na vitanda zilihamishiwa famasi kuu. Agizo lililokuwa la sekunde chache kwa kalamu likawa la kubofya, kusubiri, kubofya tena. Mwaka 2005 madaktari wa hospitali hiyohiyo, kwa uungwana mkubwa, walichapisha walichokiona katika jarida la Pediatrics: miongoni mwa watoto walioletwa kutoka hospitali nyingine, waliofariki walikuwa asilimia 2.80 katika miezi ya kabla ya mfumo, na asilimia 6.57 katika miezi ya baada yake.

Mwaka uliofuata hospitali ya watoto ya Seattle, iliyokuwa imeweka programu ileile, ilitoa matokeo yake. Kwao vifo havikupanda. Programu ni moja, watoto ni wagonjwa vilevile. Seattle maagizo ya kawaida ya chumba cha mahututi yalikuwa yameandaliwa mapema, na njia ya kazi ya wahudumu ilikuwa imefikiriwa kabla ya kuwashwa kwa mfumo.

Wale wauguzi na madaktari wa Pittsburgh waliolalamika katika wiki za mwanzo, sijui waliitwaje kwenye vikao. Najua tu wangeitwaje kwetu. Malalamiko ya mhudumu kuhusu mfumo ni dalili ya ugonjwa, na daktari mwenye akili timamu hamkaripii mgonjwa kwa sababu ya homa yake.

Tuyalete nyumbani. Mtoto anafikishwa kwa bodaboda, anadegedega. Mfumo umepangwa hivi: maabara haiwezi kuona jina lake mpaka mpokea fedha abofye, na mpokea fedha habofyi mpaka namba ya malipo itoke, na namba haitoki mpaka mtandao urudi. Aliyeupanga yuko mbali, hatayaona macho ya mama yule. Anayeyaona ni nesi.

"Sista, mwanangu anachemka."

"Vumilia kidogo mama, mfumo haujamruhusu."

Sentensi hiyo hakuna nesi aliyeisomea chuoni. Akilazimishwa kuisema mara kadhaa kwa siku, ataichukia kompyuta kwa moyo wake wote, na mimi nitakuwa upande wake. Mfumo wowote wa hospitali unaoleta malipo kabla ya dharura umekosewa, hata kama makusanyo yamepanda. Kwa hiyo, mwanafunzi wangu wa kushindwa, hakikisha kitufe cha dharura hakipo. Au kipo, lakini nywila yake anayo mtu mmoja aliye likizo.

Mfunze bosi, umsahau mbofyaji

Semina ifanyike mjini. Waalikwe waganga wafawidhi na makatibu wa afya, wapewe vitabu vya mwongozo na posho, warudi vituoni na begi lenye nembo ya mradi. Atakayekaa na kompyuta kila siku abaki zamu akisikilizia. Na yule mmoja aliyeelewa vizuri, mpe uhamisho.

Kisha mlete kijana wa TEHAMA asimame nyuma ya kiti cha muuguzi ambaye amezalisha watu tangu kijana huyo hajazaliwa. Amwambie, mbele ya wagonjwa na wanafunzi wa mazoezi: "Mama, si hapo. Nimeshakwambia, bofya pale juu." Siku hiyo hiyo utakuwa umemaliza kazi. Mwanamke huyo anajua kwa kugusa tumbo tu mtoto amelalaje. Madaktari wapya hujifunza kwake bila kukiri. Wodi nzima humwita Mama. Wewe umemgeuza mwanafunzi wa darasa la kwanza mbele ya watu anaowaongoza, halafu unashangaa kwamba kila ifikapo zamu yake kompyuta "imegoma".

Nimesikia lawama nyingi juu ya watumishi wa umri mkubwa, na nyingi hazina haki. Mtu mzima hujifunza kompyuta vizuri tu akipewa faragha, muda, na mfundishaji mwenye adabu. Kijana huyohuyo aje jioni wodi ikitulia, aanze na shikamoo, avute kiti aketi upande wake, amwombe kwanza yeye amweleze mgonjwa akifika huanza na nini na humalizia wapi. Hapo wote wawili watajifunza: mama kubofya, kijana kazi ya wodi. Na mara nyingi kijana ataondoka na orodha ya mambo ya kurekebisha kwenye programu, mambo ambayo mkataba mzima haukuyafikiria. Mfundishaji bora kuliko wote, hata hivyo, ni nesi mwenzake. Chagua mmoja katika kila wodi anayependa mambo hayo, mpunguzie zamu ili apate muda wa kuwasaidia wenzake, na mlipe. Ukimwongezea kazi hiyo bila kumpunguzia nyingine, umerudi kwenye njia ya kushindwa.

Chukulia kwamba umeme na mtandao ni vya milele

Hapa maelezo ni mafupi kwa sababu kila msomaji anajua. Tarehe 12 Mei 2024, ambayo kwa sadfa ilikuwa Siku ya Wauguzi Duniani, nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na huduma ilikuwa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Kituo ambacho mfumo wake unaishi ndani ya kompyuta za mbali, bila nakala hata moja ya hapohapo, siku kama hizo hakijui mgonjwa wa kitanda cha sita ana mzio wa dawa gani.

Ukitaka kushindwa, usiandae fomu za dharura, usiwaambie watu zinakaa wapi, na usimpangie mtu wa kuziingiza mtandao ukirudi. Betri za akiba zipeleke ofisini kwa mkuu. Wodi ya wazazi itatumia tochi ya simu, kama kawaida.

Gawa nywila moja kwa kituo kizima

Mpe mganga mfawidhi akaunti, naye aandike nywila kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kompyuta. Utaona urahisi. Kila dawa iliyotolewa, kila jibu la kipimo, kila kifo kilichoandikwa, kitakuwa kimefanywa na mtu mmoja asiyelala wala kwenda likizo.

Watu hufanya hivyo kwa sababu akaunti mpya huombwa wilayani na huchukua wiki, na mgonjwa hasubiri wiki. Nalielewa hilo vizuri. Lakini hili ni jambo ambalo wauguzi wenyewe lazima wasimame kulikataa, kwa faida yao na ya wagonjwa wao. Siku dozi ikikosewa, jina litakalosomwa ni la mwenye akaunti. Na mwanamke aliyepima virusi vya UKIMWI katika mji mdogo, ambako nesi ni jirani na mfagizi ni shemeji, amewakabidhi ninyi siri inayoweza kuvunja nyumba yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Karatasi iliyobandikwa ukutani inazifuta zote mbili.

Chukua takwimu, usirudishe kitu

Kwa kumkatisha mtu tamaa, hatua hii inashindana na ile ya vitabu. Mtumishi anajaza, anajumlisha, anatuma, na hasikii tena neno. Takwimu zinapanda wilayani, mkoani, wizarani, kwa wafadhili, zinakuwa michoro ya rangi kwenye mikutano ambayo hakualikwa. Nywila ya kuangalia michoro hiyo mara nyingi iko wilayani. Anapigiwa simu pale tu ripoti inapochelewa.

Wanaodai kwamba takwimu si jambo la wauguzi wamesahau historia ya fani yenyewe. Florence Nightingale, ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Wauguzi, alirudi kutoka vita vya Krimea akiwa na hesabu za vifo vya askari. Akazichora kwa namna ambayo hata mbunge asiyependa namba angeielewa: askari wengi zaidi waliuawa na maradhi yanayozuilika kuliko waliouawa na majeraha. Mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika chama cha wanatakwimu cha Uingereza, na mwaka 1860 alipendekeza fomu za namna moja kwa hospitali zote ili matokeo yaweze kulinganishwa. Muuguzi ndiye aliyetufundisha kwamba safu za kitabu cha wodi zinaweza kuokoa watu. Yeye, lakini, aliziona namba zake hadi mwisho. Alizitumia kudai maji safi na mifereji.

Mpe mkunga wa zahanati haki hiyohiyo. Mfumo umwonyeshe Jumatatu asubuhi ni wajawazito gani hawakurudi kliniki, na wanaishi kitongoji gani, ili amtume mhudumu wa jamii akawaulizie. Umwonyeshe dawa ya kuzuia kuvuja damu itakwisha lini kwa kasi anayoitumia sasa. Zanzibar, katika mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea wanatembelea kaya wakiwa na simu ambayo programu yake huwaongoza swali kwa swali na kuwaonyesha dalili za hatari. Mtu aliyeshika chombo cha namna hiyo hapigiwi simu kukumbushwa kukitumia. Kinamsaidia kabla hakijamripoti.

Ukitaka kushindwa, geuza mpangilio huo. Kifanye kwanza kiripoti. Hesabu ni dakika ngapi nesi alikaa bila kubofya, toa orodha, ibandike ubaoni. Utapata mibofyo mingi sana, na hakuna hata mmoja utakaoweza kuuamini.

Wachanganye wote kwenye kapu moja

Lipo jambo moja linalosemwa chini kwa chini na ni la kweli. Wapo wanaoupinga mfumo kwa sababu karatasi ilikuwa ikiwaficha. Kompyuta ikihesabu dawa zilizopokelewa na zilizotolewa, dawa zilizokuwa zikipotea njiani zinaonekana. Risiti ikitoka kwa mashine, pesa ya dirishani haiingii mfukoni kirahisi. Watu hao wapo, wanajulikana, na wanaoumia ni wagonjwa wanaoambiwa dawa hakuna wakanunue nje. Sitawatetea kwa neno hata moja.

Kosa, na hili ndilo hitimisho la mafunzo ya kushindwa, ni kumwita kila mwenye swali kwa jina lao. Nesi anayesema mfumo unamchelewesha wakati wa dharura, mtaalamu wa maabara anayesema majibu yanaingia kwa mgonjwa asiye wake, mfamasia anayesema orodha ya dawa haina dozi ya mtoto: hawa wanakulinda. Ukiwatia kapu moja na mwizi watanyamaza. Watabofya wanachotakiwa kubofya, na kosa wanalolijua litakaa ndani ya mfumo likisubiri mtu.

Ninachowaomba wakurugenzi, waganga wakuu wa wilaya na yeyote mwenye kalamu ya kusaini ni hiki. Mfumo ujao, kabla ya mkataba, upelekwe wodini kwa majaribio, usiku na mchana, mikononi mwa wale watakaoutumia. Katika kamati ya ununuzi awemo muuguzi au mkunga wa zamu, si kwa kuhudhuria tu, awe na kura. Na akisema haufai, mfumo urudishwe kwa muuzaji ukarekebishwe, na asiandikwe mahali popote kwamba ana mtazamo hasi.